Fulana ya Ambakisye

Siku hizi mtoto mchanga havishwi sweta. Anavaa fulana ya kliniki inayompima joto na kusema yenyewe, na ikishasema hakuna wa kubisha.

Asubuhi ile sakitu ilikuwa imetanda nyeupe juu ya viazi. Nilimshika mjukuu wangu Ambakisye miguu, nikaikuta ya baridi kama tumbo la chura.

"Mtoto ana joto la kutosha," ikasema fulana.

Nikamwita binti yangu aliyekuwa jikoni. "Sekela, miguu ya huyu imepoa. Niletee lile sweta nililomfumia."

"Mama nawe. Si umeisikia? Ukimwongezea nguo itatushtaki, waje wamchukue. Wa jirani hajarudishwa mpaka leo."

Nilimvua mtoto fulana taratibu, nikaitundika kwenye kiti, nikamfunga kifuani pangu kwa kitenge. Hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mtoto mwenye baridi hulia kwanza, kisha huacha.

Pale kitini fulana tupu ikasema, kwa sauti yake ileile ya upole, "Mtoto ana joto la kutosha. Amelala."

"Unaona sasa, mama?" Sekela akacheka huko jikoni. "Mwache alale."