Leseni ya Zamda

Zamda alitunga programu ya kompyuta ya kukatia nguo, akaigawa bure kwa kila fundi cherehani mjini. Alikuwa akiuza sehemu moja tu, ile ya kupangia kazi za karakana kubwa, na asipopata mnunuzi leo, kesho anarudi kuajiriwa.

Mzee Shekue, mwenye karakana ya mafundi arobaini, aliisoma karakanani mwake leseni ya programu ile, iliyomruhusu kila mtu kuitumia na kuirekebisha bure, neno kwa neno, miwani puani.

"Funga yote, mwanangu, uniuzie mimi peke yangu. Nani alipie pilau ya harusini, inayogawiwa bure?"

"Siwezi, baba. Kipimo cha mwenye kibiongo alikitia Bi Mtumwa wa sokoni. Kola ya kanzu waliirekebisha mafundi wako hawa hawa. Kazi ya wengi siifungi."

"Mafundi wangu?"

"Wote tunaitumia, mzee, mwaka wa pili huu," akasema msimamizi wa karakana, akijikuna shingoni penye utepe wa kupimia.

Mzee akacheka hadi machozi. "Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua! Lete kalamu, nilipie hiyo sehemu yako."

Akatia sahihi taratibu. Nyuma ya pazia lililotenga chumba cha mafundi, cherehani arobaini zilinyamaza kwa pamoja, mafundi wakitega masikio, na Zamda akasimama katikati ya ukimya ule, wino ukiwa bado mbichi.