Jicho la Kupimia Mbao

Sindano ya tatu ya jicho ilipita Ijumaa, na leo asubuhi Fundi Mbaruku ameingia moja kwa moja kwenye banda lake la useremala. Hata chai hataki.

"Unaenda kufanya nini huko? Daktari kasema upumzike," mkewe, Zuhura, anamfuata nyuma.

"Nishikie ncha ile."

Ni fremu ya mlango, imeegemea ukuta tangu mwaka jana. Aliichonga Sudi, mwenzake wa kazi kwa miaka thelathini. Siku ile Mbaruku alifumba jicho la kushoto, akaipima kwa la kulia kama alivyozoea, akaiona imepinda katikati. Akamwambia Sudi mbele ya mteja, "Umezeeka wewe, hujui tena kunyoosha mbao." Sudi akakusanya randa zake akaondoka. Baadaye ndipo daktari akasema mshipa wa nyuma ya jicho la kulia umeziba, na jicho limevimba kwa ndani.

Mbaruku anafumba jicho la kushoto.

Fremu imenyooka kama uzi uliovutwa.

"Vipi?" anauliza Zuhura.

Anapima tena. Zamani Sudi ndiye aliyekuwa akishika ncha ile, na kila mara alitoa ulimi ili amchekeshe, mbao itikisike, waanze upya.

"Toa ulimi," anasema.

"Mimi? Una wazimu?"

"Toa tu, mama watoto."

Zuhura anautoa. Mbaruku anauangalia kwa muda mrefu, halafu anajitwika fremu begani na kushika njia ya kwa Sudi, bila viatu.