Sehemu ya Tatu Alivyoisimulia Shomvi

Siku ya kwanza kurudi kazini tangu amzike bintiye, Mzee Shomvi alikaa kando ya televisheni ya banda la video, akashika kipaza sauti na kutafsiri kama kawaida yake. Zilikuwa filamu tatu za anga, za kueleza mfalme katili wa nyota alikuwa nani kabla hajawa katili.

Katika ya tatu, mfalme yule, akiwa bado askari tu, aliletewa habari kwamba mwanawe amekufa. Akanguruma, akaiteketeza sayari nzima. Hapo Shomvi alizoea kunguruma naye, na watu wakashangilia.

Safari hii alizima sauti ya filamu.

"Hapa mwandishi amekosea," alisema taratibu. "Mtu akifiwa hangurumi. Anauliza kama chai imebaki. Anaambiwa ipo. Halafu anasahau kuinywa."

"Endelea, Mzee," alisema mtu mmoja kwenye mabenchi.

"Basi. Anakaa tu."

Sayari iliendelea kuungua kimya kimya. Mama Tunu, muuza chai wa pale mlangoni, alimimina kikombe. Watu wakakipokezana juu ya vichwa hadi kikamfikia Shomvi. Alikipokea kwa mikono miwili, akabaki kuutazama mvuke ukipanda mbele ya ule moto.