Mdhamini wa Kenge

Kanga alikuwa mjane mwenye sufuria kubwa na hasira za karibu. Alitaka kupika uji auze gulioni, ila mtama hana. Akaenda kwa Kenge, mwenye ghala.

"Mtama upo, mama. Weka mayai yako rehani," Kenge akasema, mate yakimtoka.

"Kama ya Bata, uliyoyala kabla siku ya kulipa haijafika? Ushindwe!"

Kanga akaondoka akifoka njia nzima, akawaita Bata na Njiwa wakaanzisha kikoba. Kila gulio kila mmoja alitoa konzi ya mtama, na mwenye shida alikopa akidhaminiwa na jirani. Kanga akaanza, Bata akamdhamini. Uji ukagombaniwa, deni likalipwa, mayai yakaanguliwa salama.

Masika yakalisomba ghala la Kenge. Akaja na kikapu kitupu.

"Dada zangu, nikopesheni."

"Karibu, shemeji," Kanga akasema. "Rehani hatutaki. Lete jirani mmoja tu akudhamini."

Kenge akamtazama Bata. Bata akayafunika mayai yake vizuri. Njiwa akajifanya anatazama mawingu.

"Basi kunywa uji, huu wa bure," Kanga akasema, akimjazia bakuli. "Mkopo utausubiri mpaka upate jirani ambaye hujala mayai yake."