Siku ya Nane

Igshaan Abrahams aliifuta ile alama ya jeraha na kuianza upya, kwa kuwa aliyoichora ilikuwa ya siku ya tatu, na hadithi ilikwisha kufika siku ya nne.

Sivuyile aliinamisha shingo, akasubiri. Katika tamthilia ambayo vijana wa Cape Town hawakuikosa kila Jumatano, yeye ndiye aliyeigiza Keanan, mwanafunzi anayependa wavulana wenzake na kuonewa kwa ajili hiyo. Katika sehemu ya tano wenzake walimsukuma hadi akagonga bomba la maji la uwanjani. Mwandishi alikuwa ameiweka alama ya kipigo hicho shavuni. Igshaan, mpambaji wa waigizaji, ndiye aliyeomba ihamishiwe kisogoni, chini kidogo ya mstari wa nywele.

"Siku ya nne inakuwa kijani pembezoni," alisema, akichanganya rangi. "Ya saba inageuka manjano, kama bizari."

"Na ya nane?"

"Ya nane siijui."

Sivuyile akacheka. "Ya nane si inapona, Boeta?" Ndivyo walivyomwita wote, kama aitwavyo kaka mkubwa. Kisha akasema, "Lakini mimi mwenyewe siioni. Nasahau kama ipo mpaka mtu aiangalie." "Walikupiga sana shuleni, eh?"

Igshaan alichovya brashi upya. "Tulia. Usitikise shingo."

Kutokanusha huko ndiko kulikomponza. Chumba cha vipodozi kina imani yake, kwamba ajuaye kulichora jeraha ni yule aliyepata kulivaa. Kabla ya wiki kwisha, studio nzima iliamini kuwa Boeta Igshaan, mtu wa swala tano, afungaye Jumatatu na Alhamisi, aliteswa utotoni mwake. Wakaanza kuzungumza naye kwa sauti za chini. Mama wa jikoni akawa anamwekea maandazi mawili zaidi ya koesista, yaliyonyunyiziwa nazi, naye akayala. Mara tatu alifungua kinywa ili aseme jambo. Mara tatu akaomba chai.

Siku moja mwongozaji, Bi Thandokazi, alimfuata.

"Boeta, sehemu ya mwisho tunaenda kuionyesha kwenye ukumbi wa shule moja kule Athlone. Njoo uongee na watoto. Kuna mmoja ana wiki tatu haendi shule, wanamfanyia haya haya. Mama yake kasema atamleta. Akisikia kwa mtu kama wewe, aliyeyapitia, huenda akarudi darasani."

Igshaan aliitazama mikono yake. "Kwanza nina ombi. Huyu Deon, anayempiga Keanan. Muonyeshe kesho yake asubuhi, yuko darasani."

"Deon wa nini tena? Watu wamemchoka. Anapiga, anaondoka, basi."

"Haondoki, Bi Thandokazi. Lazima akae mahali."

Mwongozaji alicheka kwa upole, akaahidi kulifikiria, wala hakulifikiria.

Alhamisi ile, baada ya swala ya Alasiri, Igshaan alibaki msikitini hata safu zote zikatawanyika. Aliomba maghufira, kisha akalitaja jina moja, Nazeem, ambalo kwa miaka ishirini na minane hakulitamka mbele ya mtu. Alifundishwa tangu udogoni kuwa yaliyo baina ya mja na Mola wake, Mola huyasamehe apendapo, ama yaliyo baina ya mja na mja hungoja kauli ya mja. Na Nazeem alikuwa wapi, hakujua.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Katika pazia jeupe walionekana Deon na wenzake wakimzunguka Keanan.

"Mwali wetu, leo wanja umesahau?"

"Inama hapo bombani tukuoshe, labda utatoka dume."

Baadhi ya wanafunzi waliangua kicheko. Kisha kamera ikasogea polepole hadi kwenye kisogo cha Keanan, na kicheko kikakatika kama kilichozibwa kwa kiganja.

Taa zilipowashwa, Bi Thandokazi alimshika Igshaan mkono, akampandisha jukwaani. "Kazi mliyoiona ni ya huyu," alisema. "Hakuisoma kitabuni. Aliyapitia."

Watoto walisimama wakapiga makofi. Makofi yalimkaa Igshaan mwilini kama kanzu ya mtu mwingine. Alikishika kipaza sauti, na maneno aliyoyaandika kwenye karatasi yakamkimbia yote.

"Nani ana swali?" Bi Thandokazi aliuliza, ili amwokoe.

Katika safu ya tatu mvulana mwembamba, mwenye kola iliyofungwa hadi juu, aliinua mkono nusu. Mama aliyekaa kando yake alimsukuma begani. "Uliza tu, mwanangu. Si ndiyo tumekuja?"

Mvulana akasimama. "Boeta, ile alama ilikuwa huku nyuma." Akaigusa kola yake. "Mimi yangu siioni. Wewe uliionaje, mpaka ukajua rangi zake kila siku?"

Bi Thandokazi alimsogelea Igshaan, akamnong'oneza, "Waambie ni vioo viwili, Boeta. Kimoja mbele, kimoja nyuma."

Lilikuwa jibu jepesi, na lilikwisha kumfika ulimini. Igshaan alimtazama yule mvulana, akaitazama ile kola, kisha akakileta kipaza sauti karibu na kinywa.

"Nilikuwa nakaa dawati la nyuma ya Nazeem," alisema. "Siku ya saba, ilipokaribia kufutika, niliirudia kwa mkono wangu."