Aliyeingia kwa Mlango wa Mbele

Lemuel Gaines alivua kofia ya timu, akaichomeka kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, akaingia mgahawani kwa mlango wa mbele. Ndani ya basi, Ozell Pruitt alisogea dirishani amtazame vizuri.

Hivyo ndivyo timu ya besiboli ya Macon ilivyopata chakula safarini mwaka ule wa 1938. Katika jimbo zima la Georgia, kusini mwa Marekani, mtu mweusi hakuhudumiwa kwa mlango wa mbele, na kwa mlango wa nyuma alihudumiwa wazungu wakijisikia. Kwa hiyo timu ikiwa na mchezaji mwenye ngozi nyeupe kiasi cha kudhaniwa mzungu, yeye ndiye aliyetumwa. Angeagiza mikate ya nyama, alipe, atoke bila maneno mengi.

Leo Lemuel alikuwa ameketi.

Mbele yake alikuwapo mzungu mwenye kofia ya kijivu. Ozell alimkumbuka. Alikuwa katika jukwaa la wazungu kule Columbus, na baadaye Albany, na kote huko hakushangilia hata kidogo. Alikuwa akitazama tu mkono wa Lemuel wa kurushia mpira.

"Anachelewa," Ozell alisema.

"Tulia, bwana. Labda wanamchagua kuwa gavana," akajibu Hosea, mchezaji wa kituo cha kwanza, na basi zima likacheka.

Ozell hakucheka. Yeye ndiye aliyedaka mipira ya Lemuel tangu msimu uanze, na hakuwahi kukutana na mrushaji wa namna ile. Jumapili walikuwa wacheze Birmingham. Mwenye timu, Bwana Tolliver wa duka la majeneza, alishasema kwamba wakishindwa huko atauza basi na kila mtu ashike njia yake. Ozell, pamoja na magoti yake mabovu, alikuwa na njia moja tu, kurudi kwenye mashamba ya pamba. Na bila Lemuel wangeshindwa.

Isitoshe, Lemuel mwenyewe hakueleweka. Alitokea tu mwanzoni mwa msimu, akasema alikuwa akicheza magharibi, huku na kule. Wachezaji weusi walijuana karibu wote, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona. Siku moja walikodishiwa uwanja wa wazungu, na kama kawaida wakakatazwa kuoga humo, wakarudi kwenye basi na jasho lao. Lemuel akasema hawajakosa kitu, maji ya mabafu yale huchelewa kupata moto. Ozell akamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba aliwahi kufagia humo.

Tena kulikuwa na siku walipofikia kwa Mama Ernestine, aliyewapa wasafiri weusi chakula na malazi. Lemuel alipopakuliwa miguu ya nguruwe na mboga za majani, alikula ameinamia sahani kama mtu aliyetoka kifungoni, kisha akatoka uani. Ozell alimkuta macho yamekuwa mekundu. Akasema ni pilipili.

Sasa Ozell aliona amemwelewa. Mtu huyu alikuwa akivizia nafasi. Wazungu wamekuja kumchukua, naye ataondoka bila kuaga, abadili jina, awe mmoja wao. Walikuwapo waliofanya hivyo. Hata mama zao waliacha kuwataja.

Aliwaambia wenzake anakwenda kunyoosha magoti. Akazunguka mgahawa hadi mlango wa jikoni. Mpishi, mama mweusi wa makamo, alimuuliza anatafuta nini.

"Namngoja mwenzangu, mama."

"Usisimame hapo, baba. Mwenyewe hapendi," akasema, lakini hakumfukuza. Alirudi kwenye kikaango chake.

Mlango wa kuingilia ukumbini ulikuwa wazi kidogo. Ozell alimwona Lemuel amempa mgongo. Alikuwa amekwisha kuamua. Angeingia amshike bega, amwite kaka mbele ya wazungu wote. Basi. Huenda wangekimbizwa kwa bunduki hadi barabarani, lakini baada ya hapo hakuna timu ya wazungu ambayo ingemtaka.

Akaweka kiganja mlangoni. Ndipo aliposikia sauti ya mzungu mwenye kofia, ya chini, karibu ya kubembeleza.

"Rudi, Carl. Misimu yote ile umetuchezea na hakuna aliyeshuku damu yako. Nimewaambia wenye timu unauguza bega. Nani atajua?"

Lemuel alisimama, akaanza kukusanya mifuko ya mikate.

"Na mkeo?" mzungu akauliza. "Nimwambie nini?"

"Mwambie nimerudi kwetu."