Hotipoti ya Nani

Kwa miaka sita hotipoti nyekundu ilipita juu ya ukuta baina ya Bi Zainabu na jirani yake, Mama Ndeshi. Kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, ilikwenda na maandazi, ikarudi na makande. Siku ya kuhama, lori likimsubiri, Bi Zainabu aliipeleka imeoshwa, haina kitu ndani.

"Chukua hotipoti yako, jirani."

"Yangu? Si yako hiyo?"

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko.

Mama Ndeshi akaijaza chapati za moto, akamrudishia bila kifuniko.

"Na kifuniko je?"

"Kinabaki hapa. Utakuja kukifuata."

Lori likaondoka. Bi Zainabu alikaa mbele, kiganja juu ya chapati, mvuke ukipenya vidoleni mwake.